Karpatka inaokeka kwa mkaa, na krimu yake haihitaji pakiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nisahihishe maelezo ya keki ya krimu ya Poland yaliyotoka kwenye ukurasa wenu wa mapishi. Mimi ni mama ninayeoka kwa kuuza hapa Uyole, Mbeya, na keki hiyo naijua kwa jina lake, karpatka, tangu nikiwa msichana. Gazeti lenu linasomwa sana huku kwetu. Ndiyo maana maelezo yale yalipotoka tu, majirani na wateja walianza kunijia na malalamiko ya namna moja: donge lilivimba vizuri, likapendeza, lakini lilipotolewa kwenye moto likalala palepale. Jirani yangu mmoja, mama mwenye kuku watano wa kienyeji, alikuwa amemaliza mayai yote aliyokuwa amewawekea wajukuu. Alikuja ameshika trei mkononi, akaniuliza kama keki hii kweli inawezekana kwa watu wa hali yetu.

Inawezekana. Na ninasema zaidi ya hapo: katika Tanzania nzima, sijui mahali panapofaa kuokea karpatka kuliko Nyanda za Juu Kusini. Maziwa tunayo, mayai tunayo, viazi mviringo ndiyo usiseme, na baridi ya kuifanya krimu isimame tumepewa bure na Mungu. Kilichowaangusha akina mama hawa ni maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya jiko lingine na nchi ya tambarare. Mwandishi wenu alisema asiye na oveni ya umeme asijisumbue, akanunue hotelini. Akasema krimu ni pakiti mbili za unga wa budini na siagi ya kopo. Na juu ya yote akaweka kichwa cha habari kwamba hii ndiyo keki aliyoipenda Papa Yohane Paulo wa Pili.

Nianze na hilo la Papa, maana linagusa heshima. Papa huyo, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Karol Wojtyła, alizaliwa Wadowice, mji mdogo wa kusini mwa Poland, tarehe 18 Mei 1920. Juni 1999, akiwa tayari mzee, alirudi kuutembelea mji huo, na mbele ya umati akakumbuka jinsi yeye na wenzake wa shule walivyokwenda kula keki ya krimu iitwayo kremówka baada ya mtihani wa kumaliza sekondari. Tangu hapo kremówka za Wadowice zinauzwa zikiitwa za Papa. Sasa, kremówka hutengenezwa kwa unga wa matabaka, ule unaokunjwa na siagi na kusukumwa mara nyingi hadi ukiiva unaachana tabaka kwa tabaka. Karpatka ni kitu kingine. Donge lake hupikwa kwanza kwenye sufuria, halafu ndipo huokwa. Zote mbili zina krimu ya maziwa na mayai katikati ya vipande viwili, na pengine hapo ndipo mwandishi wenu alipochanganya. Lakini sisi tuliokuwa Songea Septemba 1990 Papa huyo alipokuja, tuliokwenda na kwaya za parokia zetu tukalala nje kusubiri Misa, tungependa jambo linalomhusu liandikwe kama lilivyo.

Jambo la pili lililoniuma ni sentensi ile iliyosema kwamba Poland ni nchi ambayo watu wa mikoani hawana habari nayo. Mimi nimezaliwa Ifunda, Iringa. Pale kuna makaburi ya Wapolandi, na watoto wa Ifunda tumekua tukiyajua. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu Wapolandi wa mashariki ya nchi yao, familia kwa familia, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Makubaliano ya mwaka 1941 kati ya serikali ya Poland na Wasovieti yakawafungulia mlango. Mwaka 1942 makumi ya maelfu wakavuka Bahari ya Kaspi na kuingia Iran, wakiwa wamedhoofu kwa njaa na magonjwa. Wanaume wenye nguvu wakaingia jeshini. Wanawake, watoto na wazee wakapelekwa kwenye makoloni ya Waingereza, na wengi wakafika Afrika Mashariki. Hapa Tanganyika kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, Arusha, iliyokuwa na watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Kondoa, Morogoro, na mbili huku kwetu: Ifunda, na Kidugala ambayo leo iko mkoa wa Njombe. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiwauzia mayai na viazi. Alikuwa akitusimulia jinsi wanawake wale walivyokuwa wakilichagua kila kiazi kwa mkono, wakikigeuzageuza, hata kama gunia zima lilikuwa zuri. Mtu aliyewahi kulala na njaa ndivyo anavyokishika chakula. Kwa hiyo habari za Poland tunazo, tena kwa majina ya vijiji vyetu.

Karpatka yenyewe nilifundishwa baadaye sana na Sista mmoja Mpolandi aliyehudumu kwenye zahanati ya misheni. Kwao ilikuwa kusini kabisa, chini ya milima ya Tatra, ambayo ndiyo sehemu ya juu kuliko zote ya safu ya milima ya Karpati. Kilele cha juu kuliko vyote nchini Poland, Rysy, kina mita 2,499. Sista alipoliona Rungwe kwa mara ya kwanza, lenye karibu mita 2,960, na chini yake migomba na chai, alisimama kimya kwa muda mrefu. Keki hii ina jina la milima hiyo ya kwao kwa sababu donge likiiva linapanda na kushuka lenyewe, vilele na mabonde, na sukari ya unga inayonyunyizwa juu ndiyo theluji. Yeye aliioka kwa mkaa kila mwaka sikukuu zilipofika. Oveni ya umeme misheni pale haikuwepo.

Sasa niingie kwenye kazi, maana hapa ndipo maelezo yenu yalipowapoteza watu.

Donge la karpatka halina hamira wala unga wa kuumulia. Kinacholiinua ni mvuke peke yake. Maji yaliyomo ndani yake yanageuka mvuke, mvuke unalisukuma, mayai yanalifanya linyumbuke bila kupasuka, na likishakauka linabaki limesimama na uwazi ndani. Likitolewa kabla halijakauka sawasawa, mvuke uliomo unapoa, na ganda laini linabonyea. Hakuna siri nyingine. Warszawa iko kwenye mita kama 100 tu juu ya usawa wa bahari, na Dar es Salaam iko pembeni ya bahari yenyewe. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi. Huku hewa ni nyepesi zaidi, na maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, hayangoji 100. Kwa hiyo mvuke unawahi kutoka na unapanuka zaidi: donge letu linavimba haraka, linamfurahisha mpishi, na ndani bado bichi. Mwandishi wenu aliposema nyuzi 200 kwa dakika 25, kisha akashauri mlango ufunguliwe dakika ya 15 ili kuangalia, aliwaandalia watu wa Mbeya, Njombe na Makete hasara. Ukifungua dakika ya 15, joto linakimbia wakati donge linalihitaji kuliko wakati wowote.

Mimi naanza na moto mkali, nyuzi kama 210, kwa dakika 20. Kisha napunguza hadi 180 na kuliacha dakika 15 nyingine, wakati mwingine zaidi, hadi hata kwenye mabonde ya keki, siyo vileleni tu, pawe pamegeuka rangi ya kahawia. Rangi ya dhahabu anayoisema mwandishi wenu huku haitoshi. Mwisho nalitoboa kwa sindano ya kufumia sehemu kadhaa, naacha mlango wazi kidogo, nalingoja lipoe humohumo. Yule jirani yangu nilimketisha mbele ya oveni na kumwambia, "Mama, shika mikono yako, tusifungue." Alikaa pale akinusa. Kwanza inakuja harufu ya siagi, kisha ya yai lililoiva, na mwisho kabisa harufu kavu ya mkate. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kungoja.

Vipimo navyo. "Kikombe kimoja cha maji, kikombe kimoja cha unga, mayai manne." Kikombe gani, Mhariri? Wapolandi wanapimia bilauri ya mililita 250. Kikombe cha chai cha nyumbani kwangu kinajaa 180, na cha mama mkwe wangu, kile cha bati, kinazidi 300. Mayai ndiyo kabisa. Yai la kuku wa kisasa likivunjwa linatoa kama gramu 50, la kienyeji mara nyingi halifiki 40. Mayai manne ya kienyeji kwenye donge hili ni pungufu mno, na kupungua kwa mayai ni kupungua kwa kila kitu, maana ndiyo yanayolishikilia. Kwa trei mbili za sentimita 20 kwa 30 mimi natumia maji mililita 250, siagi gramu 110, chumvi kidogo, unga wa ngano gramu 160, na mayai yaliyovunjwa yenye gramu 220 hadi 240. Vitabu vya Poland vinasema siagi gramu 125, yaani nusu robo. Naipunguza kwa sababu huku juu donge lenye mafuta mengi linachelewa kujishika. Mizani ndogo ya jikoni inapatikana Mwanjelwa, na asiye nayo amwombe mwenye duka ampimie. Wenye maduka yetu ni waungwana, wanakubali.

Kulipika donge lenyewe hakuwezi kumshinda mwanamke wa huku, kwa sababu ni kama kusonga ugali mdogo. Maji, siagi na chumvi vikichemka kwa nguvu, unga wote unaingia kwa mara moja, unasonga kwa mwiko bila kupumzika. Baada ya dakika mbili au tatu donge linajikusanya, linaachia sufuria, na chini kunabaki utando mwembamba mweupe. Utando huo usikutishe, ndio dalili kwamba maji yaliyozidi yamekauka. Epua. Likiwa bado la moto sana na ukitia mayai, yanaiva. Liache hadi uweze kuligusa kwa kidole. Ndipo tia mayai kidogokidogo ukisonga, kila mara ukingoja donge liyanywe yote. Kwanza litakatika vipandevipande likikutelezea, usiogope, endelea. Likiwa tayari linang'aa, na ukiinua mwiko linaning'inia pembe tatu halidondoki upesi. Hapo acha, hata kama yai limebaki kwenye bakuli. Litandaze kwenye trei jembamba, na usilisawazishe. Maelezo yenu yalisema lisawazishwe vizuri kwa kisu. Nani anasawazisha milima?

Kuhusu oveni, nasikitika kwamba gazeti la wananchi linamwambia mwananchi akanunue hotelini. Mafundi wetu wa kuchomelea hapa Mbeya wanatengeneza oveni za bati za mkaa, sanduku lenye mlango, mkaa chini na sinia la mkaa juu. Mikate na keki nyingi za ubarikio na kipaimara mnazokula mkija huku zinatoka humo. Joto nalijua kwa unga: natupa kijiko kimoja cha unga mkavu kwenye trei tupu, nafunga. Ukigeuka kahawia ndani ya dakika mbili hivi, joto limefika, na ukiwa mweusi, natoa makaa. Kwa karpatka mkaa mwingi uwe chini mwanzoni, umesukumwa pembeni ili katikati pasiungue, kwa kuwa donge linatakiwa kusukumwa kutoka chini. Likishasimama na ile harufu ya yai ikija, hamishia sehemu ya makaa juu. Hata asiye na oveni hiyo anaweza kutumia sufuria kubwa lenye mchanga, mfuniko mzito, makaa juu, akaoka karpatka ndogo ya duara. Nimefundisha mabinti wengi hapa mtaani kwa njia hiyo, na baadhi yao leo wanauza vipande kwenye sherehe.

Krimu ndiyo roho ya keki hii, na hapa sitapunguza maneno. Unga wa budini wa pakiti, uliotiwa rangi ya njano na harufu ya kutengenezwa, hauna nafasi mahali palipo na maziwa ya Rungwe. Ng'ombe wanakamuliwa asubuhi, maziwa yanashuka na vijana wa bodaboda, saa mbili tunayo mlangoni. Fedha ya zile pakiti mbili inatupatia maziwa ya krimu nzima. Kumwambia mama wa Tukuyu anunue pakiti iliyosafirishwa kutoka mbali ili apate ladha ya maziwa, kwa kweli, siwezi kulielewa.

Wapolandi kwao wanaifunga krimu kwa wanga wa viazi, na hii ndiyo sehemu ambayo Sista alifurahi kuliko zote alipoiona nchi yetu, kwa sababu milima ya Uporoto na Umalila imejaa viazi mviringo. Wanga wa mahindi wa dukani unafunga pia, lakini krimu yake ni nzito na haing'ai. Wa viazi unafunga laini, hauna ladha yake mwenyewe, unaacha maziwa yaseme. Na unatengenezwa nyumbani. Chukua viazi kilo mbili, vioshe, vimenye, vikwaruze kwenye kikwaruzo cha karoti juu ya beseni. Mimina maji baridi, koroga kwa mkono, kisha kamua kwa kitambaa safi cheupe. Maji yatakayotoka ni ya rangi ya kahawia, yana povu, hayavutii hata kidogo. Yaache nusu saa bila kuyatikisa. Ukiyamwaga polepole utakuta chini ya beseni tabaka jeupe, gumu, lililonata kiasi kwamba ukiinamisha beseni halisogei. Mimina maji mapya, livuruge kwa vidole. Hapo utashangaa: ukilibana ni jiwe, ukiliachia linatiririka. Liache litulie tena, mwaga. Rudia hadi maji ya juu yawe maangavu. Tandaza kwenye sinia juani. Mwezi wa Julai, wingu likitanda juu ya mlima wetu Loleza, unaweza kuchukua siku mbili kukauka. Siku za jua ni mchana mmoja. Ukikauka unapondeka, ni mweupe wenye mng'ao, na ukiubana kati ya kidole gumba na cha shahada unalia kwa sauti nyembamba. Utapata gramu 150 au 200 kutegemea aina ya kiazi, unazidi kwa keki moja. Makapi usiyatupe, yatie yai, chumvi na kitunguu, kaanga. Wapolandi nao wana chapati zao za viazi vya kukwaruza na wanazipenda mno.

Krimu ya keki moja: maziwa mililita 750, sukari gramu 150, viini vinne vya mayai ya kisasa au sita vya kienyeji, unga wa ngano gramu 40, wanga wa viazi gramu 40, vanila. Maziwa yachemshwe kwanza na kupozwa, kama tunavyofanya siku zote. Toa kikombe kimoja, ukorogee humo viini, unga na wanga hadi pasiwe na dongedonge. Maziwa yaliyobaki na sukari yakichemka, mimina mchanganyiko huo ukikoroga kwa nguvu. Krimu itakuwa nzito papo hapo, na hapo ndipo wengi wanaepua. Usiepue. Iache itokote, mapovu mazito yakipasuka, dakika moja hadi mbili huku unakoroga chini kabisa. Kiini cha yai kina kimeng'enya kinachokula wanga, na kisipouawa kwa moto, krimu iliyokuwa nzito jioni inaamkia ya maji. Wapishi wengi wanalaumu unga kwa jambo hili. Ikishaiva, ifunike kwa nailoni safi iliyogusa uso wa krimu wenyewe ili isiweke utando, na uiache ipoe kabisa. Sakafu ya saruji ya Mbeya usiku inatosha.

Siagi iwe ya maziwa, gramu 200. Siagi ya kopo ya mafuta ya mimea inaacha utando kwenye kaakaa, na ladha yote inakwama hapo. Mimi nakusanya malai ya maziwa niliyochemsha siku kwa siku, nayaweka mahali pa baridi, kisha nayatikisa kwenye chupa pana hadi siagi iachane na maji, naiosha kwa maji baridi. Asiye na muda anunue ya maziwa dukani. Ipige peke yake hadi iwe nyeupe na nyepesi, ndipo uingize krimu iliyopoa, kijiko kwa kijiko, ukiendelea kupiga. Siagi na krimu viwe na ubaridi uleule. Kwa huku kwetu tatizo huwa ni siagi kuwa ngumu mno, hasa Juni hadi Agosti. Itoe mapema, iweke karibu na jiko, siyo juu ya jiko. Ukiona krimu imekatika, ina chembechembe na maji pembeni, weka bakuli juu ya mvuke kwa muda mfupi sana, itoe, ipige tena. Itarudi. Kwa ndugu zetu wa Kyela, walio chini kabisa kando ya Ziwa Nyasa kwenye joto, ushauri wangu ni kupunguza siagi hadi gramu 150, kuongeza wanga kidogo, na keki iliwe siku hiyohiyo. Watu wa Makete wanaweza kuiweka hadi kesho yake, na kwa maoni yangu siku ya pili ndiyo tamu zaidi, ganda likiwa limelainika kidogo upande wa krimu.

Pakaza krimu yote kwenye ganda moja, nene, kimo cha vidole viwili. Funika na la pili, lile lenye milima mizuri zaidi liwe juu. Iache mahali pa baridi saa mbili au tatu kabla ya kukata, na kata kwa kisu chenye meno, kwa kusukuma na kuvuta, usikandamize. Sukari ya unga nyunyiza mwisho kabisa wakati wa kuiandaa mezani, la sivyo inayeyuka. Usipoipata dukani, saga sukari ya kawaida kwenye blenda na kijiko kimoja cha ule wanga wako wa viazi, haitagandamana.

Jirani yangu wa kuku watano ameshaoka ya kwake, kwa mkaa, kwa mayai ya kuku walewale. Wajukuu walipewa vipande asubuhi na chai ya rangi.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni hili. Mnapochapisha mapishi yanayohusu oveni, andikeni vipimo kwa gramu, andikeni namna ya kuoka kwa mkaa, na mtaje kama yamejaribiwa pwani au milimani. Mna wasomaji Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe, Tukuyu na Sumbawanga, na mayai wanayoyavunja wananunua kwa fedha yao. Kama barua hii ni ndefu kuliko nafasi mliyonayo, kateni habari zangu mimi, lakini mwacheni msomaji apate sehemu ya wanga wa viazi na zile dakika 15 za nyongeza kwenye moto wa 180.

Mama Mwokaji,
Uyole, Mbeya